Wino wa Barua

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumeiandika ubaoni, tumeitungia insha na kupewa alama. Lakini wahenga waliotuachia methali hiyo hawakusema daftari lenyewe liandikwe kwa wino gani, na hapo ndipo mimi nilipopatikana. Wanachama wenzangu na walimu wetu wapendwa, nipeni masikio, ama niseme macho, niwasimulie habari za wino wa buluu na jinsi ulivyoniweka pabaya mbele ya akina mama wa soko la Jericho.

Kalamu ilikuwa ya babu. Ni Hero, kalamu ya wino kutoka Shanghai huko Uchina, yenye kofia ya rangi ya fedha na ncha iliyojificha, inachungulia tu kama kobe. Babu alikuwa karani wa reli tangu enzi za shirika la Afrika Mashariki, kabla ya jumuiya ya kwanza kuvunjika mwaka wa 1977, kisha akaendelea na reli ya Kenya hadi alipostaafu. Nilipoingia kidato cha pili aliniita, akaitoa kalamu ndani ya kibweta cha miwani na kuniambia, "Chukua. Macho yangu sasa ni ya kutazama watu, si ya kusoma karatasi." Nilipokea kwa mikono miwili. Alisema pia maneno mengine kuhusu wino, lakini mimi tayari nilikuwa nimeifungua kalamu nikiminya ule mpira wa ndani. Maneno hayo yaliingia sikio la kulia na kutokea la kushoto. Laiti ningaliyashika!

Wino nilinunua mjini kwa nauli niliyoweka akiba nikienda shule kwa miguu majuma matatu. Kilikuwa kichupa cha kioo chenye kifuniko cheusi. Lebo ilisema kwa Kiingereza kwamba ni wino wa buluu unaofulika. Mimi nilifikiri ni sifa nzuri sana: ukimwagika kwenye shati, mama hatagomba. Sitaitaja kampuni iliyoutengeneza kwa sababu haikunidanganya. Lebo ilisema kweli tupu, ila ni mimi sikuisoma kwa akili.

Sasa wacha niseme ukweli wote, wema kwanza. Wino ule ulinibadilisha mwandiko. Kwa biro nilikuwa nikikandamiza mpaka kidole cha kati kikaota sugu, na ukurasa wa nyuma ukawa na mabonde na milima kama ramani ya Bonde la Ufa. Kalamu ya wino haitaki nguvu. Ncha yake ina mpasuko mwembamba, na wino huteremka mpasukoni wenyewe, jinsi mafuta ya taa yanavyopanda utambi bila kusukumwa na mtu. Hewa nayo huingia nyuma kidogo kidogo kuchukua nafasi ya wino uliotoka. Lewis Waterman wa Marekani alipata hataza ya kalamu ya namna hii mwaka wa 1884, na kanuni yake ni ile ile mpaka leo. Mkono unaongoza tu. Insha ya kurasa nne niliimaliza vidole vikiwa vizima, na mwalimu wa Kiswahili akaandika pembeni, "Mwandiko umenyooka." Neno hilo nilitembea nalo kichwani kutoka shule mpaka nyumbani.

Na rangi yenyewe! Wino ukiwa bado majimaji ni buluu ya kung'aa. Ukikauka unatulia na kuwa kama anga la Januari. Mahali kalamu inapochelewa, mwisho wa neno, rangi hukolea, na inapokimbia hupauka. Biro ina rangi moja tu, kama sare.

Kero zilikuwepo, lakini nilizichukulia kama za mpenzi. Madaftari yetu mengi yana karatasi nyembamba inayokunywa wino, kwa hivyo herufi huota miguu midogo kama siafu, na upande wa pili ukurasa unakuwa na kivuli cha maneno. Niliacha kuandika pande zote mbili. Mama akauliza kwani nakula madaftari. Wino pia hautaki haraka: usipousubiri kidogo ukauke, kiganja kinaupaka. Jirani yangu wa dawati, anayeandika kwa mkono wa kushoto, aliniomba kalamu siku moja akatoka na kiganja cha buluu na sentensi isiyosomeka. Na ukiiacha kalamu wazi huku unapiga gumzo, ncha inakauka, inakuwa bubu mpaka uilowanishe. Si kitu, nikasema. Kizuri hakikosi ila.

Basi majivuno yakanipeleka kwa daftari la chama.

Mama yangu ni katibu wa chama cha akina mama kumi na wawili wanaouza sokoni na kando yake. Kila Jumamosi jioni kila mmoja hutoa Sh250. Mia mbili zinaingia kwa zamu, yaani mmoja wao anakwenda nyumbani na Sh2,400, na hamsini zinabaki kwa mfuko wa kukopeshana. Pesa hizo kwa watu wengine huenda ni chakula cha mchana mjini. Kwa hao ni karo, ni kodi ya nyumba, ni gunia jingine la viazi. Daftari lao ni kubwa, la jalada gumu. Mama hupiga mistari na kuandika majina ya wote mapema, kwa biro, mwezi mzima. Halafu siku ya mkutano hujaza tarakimu: nani ametoa, nani amebakisha, nani amekopa, nani amerudisha.

Mimi nikaona wacha nionyeshe mwandiko. Nikamwambia mama apumzike, mimi nitajaza. Kuanzia mwisho wa Februari 2024 nikawa naketi kwenye kreti ya soda kila Jumamosi, kalamu ya babu mkononi, na akina mama wakitaja pesa zao naziandika kwa buluu. Walinisifu. Mama Samaki, ambaye ndiye mwenye maneno mengi pale, alisema, "Huyu anaandika kama benki." Mimi kichwa kikavimba kama andazi. Jumamosi kumi nilijaza.

Jumamosi ya mwisho wa Aprili mwaka huo mvua ilikuwa si ya mzaha. Mnakumbuka wenyewe, ni ile mvua iliyofurika mitaa ya Nairobi, watu wakapoteza maisha na nyumba, hata ufunguzi wa shule muhula wa pili ukaahirishwa mpaka Mei. Mama alibaki kufunga kibanda, akanipa daftari nitangulie. Zamani tungelitia kwenye mfuko wa plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, na mimi siwezi kupinga sheria nzuri. Ila huu mfuko wa kitambaa tulio nao siku hizi hauzuii maji. Ni chujio lenye mikono. Barabara ilikuwa imegeuka mto, rangi ya chai ya maziwa. Nikakanyaga nilipodhani ni lami, kumbe ni shimo. Hamadi! Mguu ukazama hadi gotini, na mfuko ukaniponyoka ukaanguka majini. Niliunyakua haraka, nikaukumbatia, nikakimbia mpaka nyumbani nikitweta.

Nilipofungua daftari sikuona tarakimu. Niliona anga. Buluu ilikuwa imeenea ukurasa mzima, hapa imekolea, pale imepauka, nzuri ya kutisha. Nikafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza: nikachukua kitambaa nikapangusa. Kitambaa kikawa buluu na kurasa zikawa nyeupe. Kilichobaki, msomaji mpenzi, ndicho kilichonitoa machozi. Mistari ya mama ilikuwepo, imenyooka. Majina yote kumi na mawili yalikuwepo, ya biro, hata moja halikutetereka. Mbele ya kila jina palikuwa na kijumba kitupu.

Usiku ule sikulala. Nilikumbuka mchezo wetu wa utotoni wa kuweka karatasi juu ya sarafu na kusugua penseli mpaka simba aonekane. Kalamu huacha mtaro kwenye karatasi, nikawaza, basi nisugue mtaro utokee. Karatasi zilipokauka karibu na jiko nilisugua kwa upole, tochi ya simu imelazwa ubavuni mwa ukurasa. Majina ya mama yaliinuka yote, maana yeye alikandamiza biro. Tarakimu zangu hazikutokea hata moja. Ule wepesi wa mkono niliokuwa nikijisifia haukuwa umeacha alama yoyote.

Mama aliporudi na kuona, hakupiga kelele. Ningependa angalipiga. Aliketi akavua viatu vilivyojaa maji, akasema, "Jumamosi utakuja na mimi. Utawaambia wewe mwenyewe."

Babu alikuwa kwenye kiti chake. Akaomba daftari, akalileta karibu na uso, akalinusa. Kisha akaniuliza swali moja.

"Uliandika hesabu kwa wino wa barua?"

Hapo ndipo nikakumbuka yale maneno yaliyotokea sikio la kushoto. Babu alikuwa ameniambia kwamba ofisini kwao kulikuwa na wino wa aina mbili. Ule wa buluu ni wa barua: unaandika, unatuma, mwenzako anasoma, basi. Vitabu vya mizigo na pesa viliandikwa kwa wino wa buluu iliyokolea weusi, na karani aliyekosea chupa aliitwa na bwana mkubwa. Baadaye nilitafuta habari zake nikaelewa. Wino wa kudumu wa kizamani ulitengenezwa kwa chumvi ya chuma na maji ya vinundu vinavyoota kwenye mti wa mwaloni. Ukiandika huwa hafifu, lakini ukipata hewa unageuka mweusi na kushikana na nyuzi za karatasi. Maji hayautoi. Huko Uingereza wino wa namna hiyo ndio uliotumika miaka mingi kwenye vitabu vya ndoa na vizazi. Wangu ulikuwa rangi na maji tu. Rangi yenyewe inapenda maji kuliko inavyopenda karatasi, hivyo maji yakirudi inaondoka nayo.

Na aibu kubwa zaidi ni kwamba nilikuwa nimesoma haya! Kidato cha kwanza, maabara ya kemia, si sote tulidondosha tone la wino kwenye karatasi ya kuchujia, tukaitumbukiza ncha yake majini na kutazama rangi zikipanda? Mwalimu alitueleza kwamba rangi inayoyeyuka zaidi majini husafiri mbali zaidi. Tulipojaribu na wino wa biro kwenye maji, tone lilikaa pale pale kama limepigiliwa misumari, mpaka tulipotumia spiriti. Nilichora mchoro, nikapata tisa juu ya kumi. Halafu nikatoka nje ya maabara na kuyaacha yote mle ndani.

Jumamosi ikafika. Nilisimama mbele yao nikasema. Kwanza kulikuwa kimya, kisha kila mmoja akaongea. Zamu hazikuleta shida, kwani anayepokea Sh2,400 hasahau, na wenzake hawasahau. Wawili waliokuwa wakituma kwa M-Pesa walifungua simu zao na ujumbe ukasoma tarehe na pesa. Mama Chapati, ambaye hakwenda shule, alitoa kamba yenye mafundo. Fundo moja kwa kila Jumamosi aliyotoa, na fundo kubwa siku ya zamu yake. Hakuna aliyebishana na kamba. Kwa saa mbili mama akawa anajaza upya, kwa biro, na vijumba vikawa vinajaa kimoja kimoja mpaka wakafika kwa mikopo.

Mama Samaki alikuwa amekopa Sh600 mwanzo wa Machi. Hilo hata yeye hakukataa. Alisema amerudisha zote, katikati ya Aprili, taslimu. Mweka hazina alisema anakumbuka mia tatu tu.

"Nililipa mia sita," Mama Samaki akasema. "Na nililipa mbele ya huyu kijana. Yeye ndiye aliandika, mimi nikamwona akiandika." Akanigeukia. "Si uliandika? Waambie."

Macho ishirini na manne yakanitazama, ya mama yangu yakiwemo. Nilikumbuka siku yenyewe. Nilikumbuka harufu ya omena, nikakumbuka kwamba nilikuwa nimejaza wino mpya mchana ule na kalamu ilikuwa ikiteleza vizuri. Nilikumbuka hata jinsi nilivyokunja mkia wa tarakimu ya kwanza. Lakini kama mkia ule ulikuwa wa tatu ama wa sita, sikukumbuka. Nilikuwa nikitazama mwandiko. Pesa sikuzitazama.

"Sikumbuki," nikasema.

Mama Samaki alinitazama kwa muda, si kwa hasira. Ni afadhali ingekuwa hasira. Mwenyekiti akaamua alipe mia tatu, na mambo yaishe. Alifungua leso yake, akahesabu, akaziweka juu ya meza, akaenda.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kupimapima. Likizo ya Agosti nilikata ukurasa wa daftari vipande vipande, nikaandika sentensi moja kwa wino wa buluu, kwa biro na kwa penseli. Vile vya majini: wino ulitoka kabla sijahesabu mia moja, ukaacha kivuli hafifu, biro na penseli hazikujali. Penseli ni kaboni, ndugu ya masizi, na ndiyo maana ule wino mweusi wa kale wa Misri na Uchina, uliokuwa masizi na gundi, unasomeka baada ya maelfu ya miaka. Vile vya dirishani, linapopiga jua la asubuhi: baada ya majuma matatu wino wa buluu ulikuwa umepauka kama sare ya mtoto wa kidato cha nne. Jiki iliufuta papo hapo. Jasho tu la kidole liliupaka. Spiriti ndiyo iliyoiweza biro, maana wino wa biro ni mzito, wa mafuta. László Bíró, mwandishi wa habari wa Hungaria, aliusumbukia miaka ya 1930 kwa sababu alichoka na wino usiokauka. Namwelewa sana.

Lakini siukani wino wangu. Rafiki yangu mmoja wa Majengo, Pumwani, alinieleza kuhusu kombe: aya huandikwa kwenye sahani kwa zafarani, kisha huoshwa kwa maji na mgonjwa akanywa. Wino huo ukikataa kutoka ndio wenye kasoro. Kwa hivyo nikamwambia babu kwamba sasa nimeelewa, na yeye akasema, "Umeelewa miezi mitano baadaye," akarudi kusikiliza redio.

Hii insha nimeiandika kwa kalamu yake, kwa buluu ile ile, upande mmoja wa karatasi. Kichupa kimefika nusu. Insha, barua na mashairi ya chama chetu naandika hivyo. Daftari la akina mama alirudi kulijaza mama mwenyewe, na mimi sikuulizwa tena.

Kwa Mama Samaki bado tunanunua omena. Zamani alikuwa akipima kopo, halafu anaongeza kiganja juu, nyongeza ya mtoto wa katibu. Siku hizi anapima kopo anakata na kisu, sawasawa kabisa. Mwezi wa kumi na moja, nikiwa nimeweka akiba ya nauli tena, nilimpelekea mia tatu. Nilingoja wateja waondoke. Alizitazama bila kuzishika.

"Hizo ni zako," akasema. "Mimi sikutaka pesa zako. Nilitaka mtu mmoja aseme nililipa."

Nilisimama pale. Kama ningelisema "ulilipa" ningelisema tu ili aniongezee kiganja, na yeye angelijua. Nilijaribu tena kuuona ule mkia wa tarakimu, nikaona buluu peke yake.

"Nipimie za hamsini," nikasema. Akanipimia.